Nimejaribu lugha nne kwa hesabu moja ya mgao wa dagaa

Python ndiyo lugha ninayompendekezea mtu mzima anayeanza kuandika programu za kompyuta. Nasema hivyo baada ya kupita C, nikapita JavaScript, na mwaka huu nikaijaribu Nuru, lugha yenye maneno ya Kiswahili, pamoja na binti wa kaka yangu. Sikuzipima kwa sifa zinazosemwa juu yake. Zote nne nilizipa hesabu moja, hesabu ninayoijua hata nikiamshwa usingizini, kisha nikatazama kila moja inanijibu nini ninapokosea. Anayeanza hukosea karibu kila mstari, kwa hiyo majibu ya makosa ndiyo mazungumzo yake na kompyuta kwa miezi ya mwanzo. Lugha ikimjibu vibaya hapo, mtu anaondoka akidhani hana akili ya kazi hiyo. Mimi niliondoka hivyo mara mbili.

Kazi yangu ni ukarani. Baba ana vyombo viwili vya kuvulia dagaa na vibua, vinashusha Deep Sea hapa Tanga, na mimi ndiye mwenye daftari tangu macho yake yalipoanza kumsumbua. Uvuvi wa taa unafuata mwezi. Giza likiingia vyombo vinatoka kila usiku. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawakusanyiki kwenye taa, vyombo vinalala, mabaharia wanashona nyavu, na mimi napata siku saba nane za kukaa kwetu Barabara ya 12, Ngamiani, bila kuuwahi mnada alfajiri na baiskeli. Yote ninayoyaeleza hapa niliyajifunza kwenye mbalamwezi hizo. Kila giza lilipoingia niliyaacha, na niliporudi nilikuwa nimesahau nusu. Kwa hiyo nilikuwa na kipimo kingine pia: ukiiacha lugha wiki tatu, ukirudi unaweza kusoma ulichokiandika mwenyewe?

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua mauzo ya usiku, toa matumizi, yaani mafuta, barafu na chakula cha kula baharini. Kinachobaki kinakatwa nusu: nusu ya chombo na nyavu, nusu ya mabaharia. Nusu ya mabaharia inagawanywa kwa mafungu. Kwetu nahodha ana mafungu mawili, fundi wa mashine ana fungu moja na nusu, na wengine kumi na wawili wana fungu moja moja. Jumla mafungu kumi na tano na nusu. Halafu kila mmoja anakatwa deni lake kama alichukua fedha kabla ya kwenda baharini. Kitoweo hakiingii kwenye hesabu, kila mtu anachukua chake kabla ya mnada.

Usiku mmoja wa kusi tuliuza ndoo 38 kwa shilingi 45,000 kila ndoo. Mauzo 1,710,000. Mafuta 180,000, barafu na chakula 30,000, ikabaki 1,500,000. Nusu ya mabaharia ikawa 750,000. Nikagawanya kwa 15 badala ya 15.5, nikapata 50,000 kamili. Namba ilinyooka mno, sikuirudia. Nikalipa mafungu yote kwa 50,000, jumla 775,000, na zile 25,000 zilizozidi zikatoka upande wa chombo. Nilipotaka kuzirudisha kwenye mgao uliofuata, mabaharia wawili waliona nawadhulumu, na mmoja hakurudi tena kwenye chombo chetu. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari nilikuwa nalo. Nilichokosa ni kitu cha kuikagua hesabu kabla fedha haijatoka mkononi, na hicho ndicho kilichonipeleka kwenye kompyuta.

Nilianza na kozi ya jioni hapa mjini, wiki sita kwa 150,000. Walifundisha C, na sababu waliyotupa ni kwamba ukiiweza C nyingine zote zitakuwa nyepesi. Kompyuta moja tulikaa watu watatu, tukiandika kwenye programu ya zamani yenye skrini ya buluu iliyobaki tangu enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Wiki ya tatu mwalimu alitwambia tuandike programu ya kuzidisha namba mbili. Wenzangu waliandika 5 mara 6. Mimi niliandika ndoo mara bei, nikaingiza 38, nikaingiza 45000, ikajibu 6064.

Ilijibu hivyo bila kuonyesha kosa lolote. Shilingi elfu sita na sitini na nne kwa ndoo 38 za dagaa! Nilimwita mwalimu, akasema nimekosea kuingiza, nirudie. Nikarudia, 6064. Nilikuja kuelewa baadaye sana. Kwenye programu ile, namba ya aina ya int, yaani namba nzima, ilikuwa na biti 16, vichumba 16 vya kuwekea sufuri au moja, na namba ya biti 16 inaanzia -32,768 inaishia 32,767. Hata bei yenyewe haikuenea humo. Namba ikijaa inazunguka, kama mshale wa saa unavyotoka kumi na mbili ukaingia moja: ukitoa 65,536 mara ishirini na sita kwenye 1,710,000, zinabaki 6,064. Kompyuta za leo kwa kawaida zinaipa int ya C biti 32, inafika zaidi ya bilioni mbili, kwa hiyo mauzo yangu yangetoka sawa. Lakini tabia ni ileile. Ikijaa, C haikwambii.

Lugha yenyewe siilaumu. Dennis Ritchie aliitengeneza Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kuandikia Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na fundi wa kazi kama hiyo anataka lugha inayomwamini na isiyompunguzia kasi. Mimi nilikuwa mgeni wa wiki tatu, sikustahili kuaminiwa kiasi hicho. Siku nyingine nilisahau alama ya & kwenye scanf, amri ya kupokea namba unayoingiza. Programu ikakubali kuanza, nikaingiza namba, ikafa palepale bila kutaja mstari wowote. Nilitazama ukurasa wangu saa nzima nikitafuta alama moja nisiyojua kwamba haipo. Wiki ya nne niliacha, na ada haikurudi.

JavaScript niliipata kwa mtoto wa mjomba anayetengeneza simu. Akaniambia, "Dada, hii haina haja ya kuweka chochote kwenye kompyuta, kivinjari chako kinaijua tayari." Ni kweli. Brendan Eich aliandika toleo la kwanza kwa siku 10 mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, kampuni iliyotengeneza kivinjari, na leo imo kwenye kila kivinjari utakachofungua. Raha yake niliipata siku ya kwanza: visanduku vya kujaza, kitufe, unabonyeza, jibu linatokea kwenye ukurasa. Niliingiza ndoo 38 na bei 45,000, ikaandika 1710000, nikampelekea baba kibarazani akaone. Kwa kuonyesha mtu kitu haraka, sijaona inayoishinda, na anayetaka kutengeneza kurasa za intaneti hana pa kuikwepa.

Kisha nikaongeza matumizi. Mafuta 180000, barafu na chakula 30000, jumlisha, toa kwenye mauzo. Ikaandika -17998320000. Chombo kinadaiwa karibu bilioni kumi na nane. Ilinichukua siku mbili kujua kilichotokea. Kinachoandikwa kwenye kisanduku JavaScript inakipokea kama maandishi, na maandishi ukiyaunganisha kwa alama ya kujumlisha yanafuatana tu: "180000" na "30000" vikawa "18000030000". Nilipofika kwenye kutoa, kwa kuwa maandishi hayatolewi, ikayageuza kuwa namba yenyewe kimyakimya na kuendelea. Na kwenye kuzidisha ilikuwa imefanya hivyohivyo, ndiyo maana mauzo yalitoka sawa mwanzoni. Ilinisaidia mara moja bila kunieleza, kisha ikaniangusha bila kunieleza.

Ndugu yangu mmoja alinitetea lugha hiyo kwa kusema ukijua kanuni zake hutakosea tena. Naam, ukizijua. Nilikuwa na bahati kwamba jibu lilikuwa la ajabu kiasi kwamba lisingempita hata mtoto. Lingekuwa limekosea kwa 25,000 tu, kama nilivyokosea mimi na daftari, ningelipa.

Python niliiweka kwenye laptopu ya mkono wa pili niliyonunua kwa 280,000, yenye Windows 7. Hapo kuna jambo la kuangalia kabla hujamaliza bando: Python 3.9 na zilizofuata hazikubali Windows 7, mwisho wake ni 3.8. Mimi sikuhangaika na Python peke yake. Nilichukua Thonny, toleo la zamani kidogo linalokubali mashine yangu. Thonny ni programu ya kuandikia Python iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza, na inakuja na Python yake ndani. Unaiweka, unaifungua, unaandika juu, unabonyeza F5, jibu linatoka chini. Ni bure. Tangu siku hiyo sijadaiwa senti wala sijahitaji intaneti ili ifanye kazi, na kwetu hilo ni kubwa.

Jambo la kwanza nililofanya ni kurudia makosa yangu ya zamani kwa makusudi. Niliandika mistari mitatu: wa kwanza unauliza ndoo, wa pili unauliza bei, wa tatu unazidisha. Nikaingiza 38 na 45000. Ikasimama. Ikataja mstari wa tatu, ikaunakili mstari wenyewe nilivyouandika, chini yake ikaandika TypeError na maelezo ya neno kwa neno kwamba haiwezi kuzidisha kwa kitu ambacho ni maandishi. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, nilitumia kamusi, lakini dakika kumi hazikuisha nikajua kwamba Python nayo inapokea majibu yangu kama maandishi na natakiwa kuyageuza kwa int kabla ya hesabu. Kosa lilelile lililonila siku mbili kule. Tofauti ni kwamba hapa lilisimamishwa mlangoni.

Nadhani hilo halikuja kwa bahati. Guido van Rossum, Mholanzi aliyeianzisha Python mwishoni mwa 1989 na kuitoa 1991, alikuwa amefanya kazi kwenye lugha iitwayo ABC katika taasisi ya CWI ya Amsterdam, na ABC ilikusudiwa wanaojifunza na watu wasio mafundi wa kompyuta. Python ilikua ikawa lugha ya kazi nzito, wanasayansi na mabenki wanaitumia, lakini ile heshima kwa mtu anayeanza imebaki ndani yake. Namba nzima za Python hazina kikomo cha biti 16 wala 32. Zinakua mpaka kumbukumbu ya mashine iishe. Mauzo ya 1,710,000 au ya bilioni kumi na saba, kwake ni sawa.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Maneno yake ya msingi kwenye toleo la 3.8 ni 35 tu, mengine yote unaweka ya kwako, na mimi niliweka ya kwetu: mauzo, matumizi, nusu, fungu, deni. Mzunguko wa kuwapitia watu wote nimeuandika "for baharia in mabaharia". Kila ninaposoma mstari huo nafurahi, kwa sababu umoja na wingi wetu umekaa humo kana kwamba lugha ilitengenezwa Pangani. Na nikirudi baada ya giza la wiki tatu, nausoma ukurasa wangu naelewa. Kurasa zangu za C sikuwahi kuzielewa hata siku ya pili yake.

Mstari ninaoupenda kuliko yote ni huu:

fungu = nusu / mafungu // 500 * 500

Gawanya 750,000 kwa 15.5, unapata 48,387 na vipande. Hakuna mtu Deep Sea atakayekulipa shilingi 87. Ile alama ya mikwaju miwili inagawanya kwa 500 na kutupa kinachobaki, zinatoka mia tano 96, ukizidisha tena unapata 48,000. Nahodha 96,000, fundi wa mashine 72,000, wengine 48,000 kila mmoja. Jumla 744,000. Zinabaki 6,000, na kwetu hizo zinaingia kopo la nyuzi za kushonea nyavu, jambo lililokuwa likifanyika siku zote kwa kukadiria. Sasa limeandikwa, na mabaharia wanaliona.

Mara ya kwanza ilitoka 48000.0. Baba aliisoma kwa kuikaribia skrini mpaka pua ikagusa, akauliza, "Mwanangu, hiyo sufuri ya nyuma ya nukta ni ya nani?" Lilikuwa swali la haki. Python ikigawanya kwa mkwaju mmoja inakupa namba ya desimali hata kama imegawanyika sawasawa, na alama ile inafuata mpaka mwisho. Nikaizungushia int, sufuri ikaondoka. Kuna la ndani zaidi hapo ambalo mwenye kushika fedha alijue: namba za desimali kwenye kompyuta si kamili. Iandikie Python 0.1 + 0.2 uone, itakujibu 0.30000000000000004. C na JavaScript nazo zina ugonjwa huo, kwa kuwa zote zinahifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, wa sufuri na moja tu. Shilingi yetu haina tatizo hilo ukihesabu kwa namba nzima, basi hesabu kwa namba nzima.

Nisiifiche na pale iliponinyamazia. Python haitumii mabano ya kufunga mafungu ya kazi, inatumia nafasi ya kuanzia mstari. Mstari uliosogezwa ndani ni wa mzunguko, uliorudi pembeni umetoka. Kwa macho ni safi. Lakini kwenye mbalamwezi ya pili, mstari wangu wa kukata deni uliteleza ukaenda pembeni. Programu ikawaandika mabaharia wote kumi na wanne bila kukata deni la yeyote, kisha kule nje ikakata la mtu wa mwisho peke yake, nalo halikuchapishwa popote. Haikulalamika, maana kwake ukurasa ulikuwa sahihi. Siku ile madeni yalikuwa 60,000, na ningeyapoteza yote.

Kilichoniokoa ni mambo mawili. Kwanza nilikwisha kujiwekea mstari wa kukagua mwishoni: jumla ya malipo, madeni yaliyokatwa na mabaki lazima irudi kuwa nusu ya mabaharia, la sivyo iandike SIMAMA kwa herufi kubwa. Iliandika SIMAMA. Pili ni Thonny yenyewe. Ukiiendesha kwa Ctrl na F5, inapita hatua ndogo moja baada ya nyingine kila unapobonyeza F7, na pembeni kuna ubao unaoonyesha kila jina lina thamani gani wakati huo. Nilimwona nahodha akipita, deni lake likipita bila kuguswa, fundi akipita, hivyo hivyo mpaka wa kumi na nne. Macho yangu yakaenda kwenye mstari uliokaa pembeni. Sijawahi kufundishwa na mwalimu yeyote kwa uwazi wa namna hiyo. Kama utafuata jambo moja katika haya ninayoyaandika, usianze Python bila Thonny.

Malalamiko mengine ni madogo. Matoleo ya zamani kama langu, ukisahau kufunga mabano, yanakutajia mstari wa chini yake na kusema tu kwamba sentensi si sahihi, nawe unaukodolea macho mstari usio na hatia. Kuanzia 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, inakwambia bayana kwamba mabano fulani hayakufungwa. Mwenye mashine mpya achukue mpya. Pia kumpa mtu programu yako ya Python aiendeshe kwenye simu yake si rahisi kama kumtumia ukurasa wa JavaScript. Mgao nauendesha mimi kwenye laptopu, kisha nanakili jibu namtumia nahodha kwa ujumbe. Kwa chombo kimoja inatosha.

Sasa Nuru. Binti wa kaka yuko darasa la sita, anasoma kwa Kiswahili, na Kiingereza cha masomo yote kinamsubiri sekondari. Alikuwa akiniangalia kila mbalamwezi, mwishowe akasema, "Shangazi, na mimi nataka." Nilimpa Python, akakwama kwenye majibu ya makosa kabla hajakwama kwenye hesabu. Nikakumbuka Nuru, lugha ya programu ambayo maneno yake ni ya Kiswahili: fanya, andika, jaza, kama, sivyo, wakati, rudisha. Tuliiweka kwenye simu ya kaka kupitia Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu ya Android. Hiyo kazi ya kuiweka ilikuwa ya mtu mzima, lakini baada ya hapo akaandika mwenyewe:

fanya ndoo = 38
andika(ndoo * 45000)

Ikatoka 1710000. Kisha akaandika ndo badala ya ndoo, ikamjibu kwamba mstari huo una kosa: Neno Halifahamiki. Akanigeukia macho yamemtoka. "Shangazi, inajua Kiswahili!" Mara nyingine alijumlisha namba na maandishi, ikamwambia Aina Hazilingani. Aliielewa sentensi ile bila mimi kufungua mdomo, akarudi kurekebisha. Nilisimama nyuma yake nikawaza juu ya ile kozi ya jioni, watu watatu kwenye kompyuta moja, na 6064 yangu.

Kwa mtoto wa shule ya msingi, basi, nasema Nuru kabla ya Python, au Scratch kama bado mdogo, maana Scratch ya MIT unaweza kuigeuza iwe ya Kiswahili, na mtoto anapanga vipande kwa kuvivuta, haandiki. Ila Nuru kwa kazi yangu sikuhamia. Vitabu na mifano yake bado ni michache, na usiku wa manane hesabu ikikwama nataka kukuta mtu mwingine aliyekwama hapohapo akaandika alivyojinasua. Kwa Python wamejaa. Sina chombo kama Thonny cha kunionyesha ndani ya Nuru hatua kwa hatua, na nikikipata nitairudia tena kwa furaha. Dhana zenyewe hazipotei: aliyeelewa kama na sivyo ataitambua if na else siku akikutana nazo.

C nimeiweka kando, si kwa chuki. Kijana anayetaka kutengeneza vifaa, saketi na mashine ataihitaji, na akiikuta akiwa tayari anajua namba inakaaje kwenye kumbukumbu, ile 6064 haitamtisha. JavaScript nitaifuata mwenyewe baadaye, kwa sababu nahodha ameanza kuniomba auone mgao kwenye simu yake kabla ya kufika nyumbani. Anayeuliza aanze na ipi, mimi kwanza namuuliza ana hesabu gani mkononi, ya kibanda cha chipsi, ya kikoba, ya shamba la machungwa Muheza, ambayo jibu lake analijua bila kompyuta. Achukue hiyo. Akitoka nayo kwenye Python na Thonny, wiki mbili za jioni zinatosha kuona kama kazi hii inamfaa, bila kulipa ada ya mtu.

Giza lililopita tulitoka usiku kumi na saba, na mgao wa kila usiku ulipita kwenye programu. SIMAMA ilitokea mara mbili, zote mimi ndiye niliyekosea kuingiza barafu. Baharia yule aliyeondoka bado hajarudi, lakini nahodha amemwambia njoo uone tunavyogawana siku hizi. Mbalamwezi hii naanza chombo cha pili, ambacho mgao wake una fungu la ziada la mwenye taa.